Shule ya Vioo ya Ngozikavu

Nchi hii ina jina, tena jina zuri, lakini kulitaja katika hadithi kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali imefungwa kwa miezi saba kupisha semina ya namna ya kuharakisha vibali. Basi tuiite nchi tu, na tuendelee na safari.

Katika nchi hiyo iko wilaya iitwayo Ngozikavu. Mvua huifikia Ngozikavu kama mjomba tajiri anavyowafikia ndugu zake: mara moja kwa mwaka, kwa kelele nyingi, na akiondoka huacha mashimo. Jua, kinyume chake, ni mkazi wa kudumu. Nzi wa huko hutembea kwa miguu, maana kuruka kunawachosha. Mtu akitaka kukaa juu ya jiwe saa saba mchana, kwanza hulimwagia maji, kisha husubiri, kisha hubadili mawazo.

Msidhani serikali ilikaa kimya. Ilinunua Kipimajoto cha Taifa, kimoja, cha kisasa, na ili kisiibwe kikatundikwa ofisini kwa Waziri wa Elimu na Mazingira Mazuri, ukutani, chini ya kiyoyozi. Tangu siku hiyo hali ya hewa ya nchi nzima ni nyuzi ishirini na mbili, asubuhi, mchana na jioni. Wananchi hutangaziwa hivyo redioni huku wakijipepea kwa vifuniko vya sufuria, nao hushukuru, maana bila redio wasingejua kwamba ni baridi.

Katika Wizara hiyo alifanya kazi msanifu majengo mmoja, Sikudhani Mlekwa. Kwa miaka tisa alikuwa amechora vitu vya aina mbili tu: mageti na majukwaa ya viongozi. Mageti yake yalisifika mno. Yapo mengine yamesimama mpaka leo katikati ya nyika, bila ukuta kulia wala kushoto, na walinzi hukagua vitambulisho vya kila anayeamua kupita hapo badala ya kuzunguka. Lakini moyo wa Sikudhani haukuwa kwenye mageti. Alisoma utotoni katika darasa la bati, bati juu na bati ubavuni, na alikumbuka jinsi damu ya pua ilivyokuwa ikidondokea daftari lake la Hisabati, hadi mwalimu akazoea kusahihisha akizunguka madoa. Chuoni aliapa kwamba siku moja atajenga shule ambayo mtoto ataingia, akae, asome, atoke akiwa mzima. Kiapo kidogo tu. Kilimchukua miaka tisa kupata nafasi ya kukijaribu.

Nafasi ilipokuja ilikuja kwa barua. Wafadhili walikuwa wameahidi kujenga shule, kwa sharti kwamba iwe endelevu. Barua ikasema: "Umeteuliwa kusanifu Shule ya Mfano Endelevu kwa Maeneo ya Joto Kali na Ukame, ingawa maeneo hayo hayapo." Sikudhani aliisoma mara tatu, akaifunga kwenye khanga pamoja na penseli zake, akaondoka kabla mtu hajabadili mawazo.

*

Shule ya Ngozikavu ilikuwa na wanafunzi mia nne na kumi na wawili, banda moja la bati, na tenki moja kubwa la maji juu ya nguzo za chuma. Alipofika saa nne asubuhi, banda lilikuwa tupu. Bati lilikuwa likialika kwa joto, ta, ta, ta, kama mtu anayetafuna mifupa. Watoto walikuwa wamebanana nje, wamekaa chini kwa mstari mwembamba, kila mmoja amejikunja ndani ya kivuli cha tenki.

Mwalimu mkuu, mzee mmoja mrefu aitwaye Chiduo, alimpokea kwa adabu na kumpisha kwenye kivuli, naye akasimama juani.

"Hii ndiyo ratiba yetu," alisema akionyesha mawe matatu yaliyopakwa chokaa. "Kivuli kikifika jiwe la kwanza, ni Hisabati. La pili, Jiografia. Saa sita kivuli kinaingia chini ya tenki lenyewe, basi hakuna somo."

"Na wote mnatosha hapa?"

"Hatutoshi, Msanifu. Tunakwenda kwa zamu. Darasa la kwanza hupata kivuli Alhamisi."

"Na tenki lina maji?"

Mwalimu Chiduo alimtazama kwa huruma, kama mtu anayetazama mgeni aliyeuliza njia ya baharini. "Maji? Hapana. Lilizinduliwa tu."

Usiku huo, na siku nyingine ishirini zilizofuata, Sikudhani alilala kwa Mama Nyemo. Mama Nyemo alikuwa fundi wa tembe, zile nyumba za udongo zenye paa bapa ambazo serikali ilikuwa imezifuta kwa tamko, ingawa wenyewe hawakuwa wamepata nakala. Sikudhani alipoingia mchana ule kuweka mzigo, alisimama kizingitini akiwa haamini. Ndani kulikuwa na ubaridi wa mtungi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umesimama?"

"Umeweka nini humu ndani?"

"Nimeweka udongo."

"Na nini tena?"

Mama Nyemo akafikiri kidogo. "Nimetoa jua," alisema.

Ndipo Sikudhani akaanza masomo ambayo chuo hakikumpa. Alipima unene wa kuta: dhiraa moja na nusu. Akaona madirisha ni madogo, moja chini upande upepo unakotoka, jingine juu upande wa pili, ili hewa ya moto ipande na kutoka yenyewe bila kuombwa. Akaona nyumba imelala urefu kutoka mashariki kwenda magharibi, hata jua la alasiri likutane na ubavu mfupi usio na tundu. Alichomeka vijiti kila mahali na kuvifunga vipande vya khanga ili ajue upepo unapita wapi, na watoto wakasema mgeni anatega ndege wa rangi. Mama Nyemo alimfundisha kuonja udongo wa kichuguu kwa ulimi. Ukikwaruza, ongeza majani. Ukinata, ongeza mchanga.

"Siku ya kwanza nilidhani wewe ni mkaguzi," Mama Nyemo alimwambia jioni moja. "Wakaguzi huja na kalamu. Wewe umekuja na masikio."

Sikudhani alirudi mjini na ramani ambayo aliiona nzuri kuliko kitu chochote alichowahi kukichora. Madarasa manane ya tofali za udongo wa kushindiliwa. Paa mbili, ya juu bati na ya chini matete na udongo, na upepo ukipita katikati. Baraza refu pande zote. Ua wenye miarobaini, na chini ya ua kisima kikubwa cha kupokea kila tone la mvua litokalo juu ya paa, ili siku ile moja mjomba tajiri anapokuja asiondoke bila kuacha kitu.

*

Kamati ya Usanifu ilikuwa na wajumbe thelathini na mmoja. Hakuna hata mmoja aliyekuwa msanifu, ili kuepuka upendeleo. Ukumbi ulikuwa wa baridi kiasi kwamba wajumbe walivaa makoti, na Sikudhani aliyetoka Ngozikavu jana yake alitetemeka hadi ramani ikatetemeka naye. Kitini pa mbele alikaa Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Sifaeli Ndumba, mtu mwenye shahada tatu za heshima, zote alizopewa na vyuo alivyovifungua yeye.

"Hapa umeandika 'joto kali'," alisema Waziri. "Joto lipi?"

"La Ngozikavu, Mheshimiwa."

Waziri alielekeza kidole mezani tu, kwenye Kipimajoto cha Taifa, ambacho kilikuwa kimeletwa kikaoni juu ya mto wa mahameli. Nyuzi ishirini na mbili. Kamati ikapiga makofi.

"Tuendelee. Kuta ni za nini?"

"Za udongo, Mheshimiwa. Mchana zinazuia joto lisiingie, na…"

"Udongo!" Waziri alivua miwani. "Ndugu wajumbe, wazee wetu walipigana kututoa kwenye udongo. Mimi mwenyewe nilizaliwa ndani ya tembe."

"Basi Mheshimiwa unajua jinsi kulivyo na ubaridi."

"Ninajua. Ndiyo maana nilihama."

Makofi tena. Mjumbe mmoja akauliza kuhusu miarobaini. Ikaelezwa kwamba mwarobaini ni dawa, na dawa ni mambo ya Wizara ya Afya, basi mahali pake ikawekwa minazi ya plastiki, isiyohitaji maji. Kisima nacho kikakwama: maji ya mvua, yakiwa bado angani, ni ya Wizara ya Maji, na yakishagusa chini ni ya Wizara ya Ardhi, kuyakinga katikati ni kuyateka nyara.

"Na barabara kuu iko upande gani?" aliuliza Waziri.

"Magharibi, Mheshimiwa. Ndiyo maana upande huo hauna dirisha hata moja."

"Basi igeuze. Shule iangalie magharibi."

"Jua la alasiri litaingia moja kwa moja mpaka kwenye madawati!"

"Na mgeni rasmi akipita barabarani naye ataonekana moja kwa moja. Huwezi kumpa mgeni rasmi kisogo, dada yangu. Huko ndiko kukosa malezi."

Kisha Waziri akatoa mfukoni picha aliyoikata kwenye gazeti la ndegeni. Ilikuwa shule ya nchi za theluji, ghorofa mbili, vioo vitupu kutoka chini hadi juu, watoto wamevaa kofia za sufu. "Hii," alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye msikitini au kanisani. "Hii ndiyo elimu."

Sikudhani alikusanya ujasiri wake wote. "Mheshimiwa, wafadhili wametaka shule endelevu."

"Na ndivyo itakavyokuwa! Endelevu maana yake nini? Ni kitu kinachoendelea. Vioo vitavunjika, tutaweka vingine. Viyoyozi vitaharibika, tutaagiza vingine. Jenereta litakunywa mafuta leo, kesho na keshokutwa. Sasa huo udongo wako, ukishajengwa umekwisha, unakaa miaka sitini kimya. Unaendelea wapi?"

Kamati nzima ikasimama. Katibu alilia.

Sikudhani alipewa faili na kalamu aweke sahihi. Alifikiri kuacha kazi siku hiyo hiyo. Alishika kalamu, akawaza watoto wa darasa la kwanza na Alhamisi yao, na kwa kuwa hakutaka wajumbe waone machozi akainamisha kichwa na kujifanya anasoma viambatisho. Hapo macho yake yakakuta mstari mdogo, mwishoni kabisa: "Majengo ya muda ya ujenzi, yaani stoo na vibanda vya mafundi, hayahitaji idhini ya Kamati."

Akaweka sahihi. Wajumbe walisema kwamba hawajawahi kuona msanifu mwenye nidhamu kama yule.

*

Ujenzi ulianza. Malori yalileta vioo kutoka bandarini, na kwa kila vioo kumi vilivyopakiwa vilifika sita. Shule ikaanza kuota upande wa barabara, inameta hadi madereva wakafumba macho. Kando yake, nyuma kidogo, Sikudhani akaanza kujenga stoo za muda.

"Stoo nane?" aliuliza Mama Nyemo akikuna kichwa.

"Saruji yetu ni ya aina nyingi, mama."

Mama Nyemo alimwangalia, akaangalia kamba zilizonyooshwa chini kutoka mashariki kwenda magharibi, akaanza kucheka polepole, tumboni. Kesho yake alikuja na wanawake arobaini na udongo wa kichuguu. Akina baba walishindilia tofali. Stoo zikapata kuta za dhiraa moja na nusu, paa mbili, na baraza, kwa ajili ya kupumzishia misumari. Kisima kikachimbwa kwa jina la shimo la kuchanganyia zege, na kwa bahati mbaya mvua ikanyesha ikalijaza kabla zege halijachanganywa. Miarobaini ikapandwa ili mafundi wapate mahali pa kutundika mashati.

Watoto walihamia mwezi wa tano. Siku moja akaja mkaguzi wa wilaya, bila taarifa, na kumkuta Sikudhani mlangoni.

"Madawati ya nini ndani ya stoo?"

"Ya kupangia mifuko ya saruji, afande, isinyonye unyevu wa chini."

"Unyevu? Ngozikavu?"

"Tahadhari, afande."

Ndani, sauti sitini ziliimba kwa pamoja: saba mara nane hamsini na sita, saba mara tisa sitini na tatu. Mkaguzi akakunja uso. "Na hawa watoto?"

Kabla Sikudhani hajajibu, Mwalimu Chiduo alitokea nyuma yake na chaki sikioni. "Wanahesabu mifuko," alisema.

Mkaguzi alisikiliza hadi saba mara kumi na mbili, akaridhika, na kuandika katika ripoti yake: "Udhibiti wa mali ni wa hali ya juu sana."

*

Siku ya uzinduzi Mheshimiwa Sifaeli Ndumba alifika na magari thelathini na vipaza sauti kumi na viwili. Saa sita kamili wageni wa heshima waliingia ukumbi wa vioo. Milango ilikuwa ya kujifungua na kujifunga kwa umeme, ya kwanza nchini. Ilijifunga nyuma yao kwa mlio mtamu. Viyoyozi vikavuma. Waziri akafungua hotuba yake, kurasa thelathini na nane, iliyoanza na salamu kwa wazee, wakunga, na wote waliozaliwa chini ya uongozi wake.

Ukurasa wa sita jenereta likakohoa, likazima.

Viyoyozi vikanyamaza. Milango nayo ikanyamaza, imefungwa. Jua la Ngozikavu likatazama ndani ya ule ukumbi kama mpishi anavyotazama sufuria aliyoifunika vizuri. Lakini nani aseme? Nchi ilikuwa na nyuzi ishirini na mbili. Waziri akaendelea kusoma, jasho likimtoka nyusini na kufuta maneno kwenye karatasi, naye akisoma yaliyobaki. Katibu, uso umeiva kama nyanya, alimnong'oneza jirani yake, "Hewa ya leo ni murua." Mkuu wa wilaya alipiga makofi kwa kiganja kimoja, cha pili kikiwa kimenata kwenye kiti. Ukurasa wa kumi na moja Waziri alitamka, "Na sasa, ndugu zangu, joto la maendeleo…" akaanguka chali.

Mama Nyemo alikuwa nje na sururu yake. Hakuomba ruhusa. Alivunja mlango wa kwanza nchini kwa pigo moja, wakamtoa Waziri mabegani mbio mbio, wakamkimbiza mahali pa karibu penye ubaridi, yaani Stoo Namba Tatu, ambamo darasa la tano lilikuwa likisoma mfumo wa umeng'enyaji. Watoto walisimama. "Shikamoo, Mheshimiwa," walisema. Mheshimiwa hakuitikia.

Alipofumbua macho, binti mmoja wa darasa la tano aitwaye Sechelela alikuwa akimnywesha maji ya kisima kwa kata. Waziri alivuta pumzi ndefu. Alitazama juu kwenye matete, akatazama kuta.

"Kiyoyozi chenu ni cha nchi gani?" aliuliza kwa sauti dhaifu.

"Cha hapa hapa, Mheshimiwa," alijibu Mwalimu Chiduo.

Sikudhani alijua siri imetoka, na kwamba hapo ni kusuka au kunyoa. Akapiga magoti kando yake na kumweleza yote: kuta, paa mbili, upepo, kisima, stoo ambazo si stoo. Alisema kwa haraka, kama mtu anayemwaga maji kabla chombo hakijanyang'anywa. Waziri alisikiliza. Machozi, ya kweli kabisa, yalimjaa machoni.

"Msanifu," alisema, "leo umenifumbua macho. Mahali kama hapa si pa kuwa stoo."

Sikudhani alihisi miaka tisa ikimtoka mabegani. "Ahsante, Mheshimiwa."

"Wala si pa watoto," aliendelea Waziri, akijiinua kwa kiwiko. "Hapa panafaa viongozi."

Kabla ya jioni kibao kilikuwa kimechorwa: Kituo cha Taifa cha Tafakuri ya Viongozi. Madawati yakatolewa, vitanda vikaingizwa. Na watoto, kwa kuwa shule yao nzuri ilikuwa imekamilika, wakaamriwa wahamie kwenye vioo.

*

Jenereta lilikuwa limerudishwa mjini pamoja na vipaza sauti. Wiki ya kwanza, wanafunzi kumi na mmoja walizirai. Ripoti ya wilaya ilisema: "Wanafunzi kumi na mmoja wamekutwa wakilala darasani. Utovu wa nidhamu unaongezeka." Mwalimu Chiduo aliandika barua kueleza kwamba hawakulala. Akajibiwa kwamba barua yake imepokelewa kwa baridi inayostahili.

Sikudhani alikuwa amepandishwa cheo na kupewa kazi ya kuchora geti la Kituo cha Tafakuri. Alifika kupima eneo, na ndipo alipomwona Mwalimu Chiduo akitoka kwenye kioo kinachowaka, mikononi amembeba Sechelela, damu ya pua imemshuka hadi kwenye kola ya sare. Mwalimu alipita mbele ya stoo nane zenye ubaridi, ambamo wakuu watatu wa idara walikuwa wakikoroma kwa zamu, akaenda kumlaza mtoto chini ya tenki, alipokuwa amesimama Sikudhani.

Hakumlaumu Sikudhani. Alisema tu, "Pisha kidogo, Msanifu, umesimama kivulini."

Sikudhani alipisha. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona hata siku alipochora geti la makaburi ya wanyama wa Ikulu. Alikwenda kwa Mama Nyemo, akakaa kwenye kigoda, akalia kama mtoto.

Mama Nyemo alimwacha alie mpaka akamaliza. Kisha akasema, "Zile karatasi zako zilituokoa mara ya kwanza. Sasa zinasemaje?"

"Zimekwisha, mama. Shule imekabidhiwa. Hakuna tena stoo."

"Soma tu."

Wakasoma, Sikudhani kwa sauti, Mama Nyemo akipepeta ulezi. Vitasa. Bendera. Picha ya Waziri, mita mbili kwa tatu. Kifungu cha arobaini na nne: "Mapazia ya kuzuia jua. Hayajawekwa. Yatawekwa kwa maelekezo ya Msanifu."

Ungo ukasimama.

"Kitambaa gani?" aliuliza Mama Nyemo.

Sikudhani alijua kwamba akisema neno linalofuata kazi yake imekwisha, na nyumba ya Wizara, na jina lake. Alifikiri kwa muda wa pumzi mbili.

"Kinene," alisema.

"Kinene kiasi gani, mwanangu?"

"Dhiraa moja na nusu."

*

Mapazia yalichukua siku kumi na tisa. Waliyashona wanawake mia moja na ishirini, kwa udongo wa kichuguu na majani, kuanzia chini hadi juu, wakizunguka ghorofa zote mbili. Penye kioo cha kuelekea magharibi pazia halikuachwa tundu. Kaskazini na kusini waling'oa vioo, wakaacha madirisha madogo, chini na juu. Juu ya dari walitandika matete, na mbele wakaweka baraza. Viongozi waliokuwa katika tafakuri walitoka mara moja moja kunyoosha miguu, wakaona wananchi wanavyochapa kazi, wakawapungia mikono.

Siku ya ishirini Waziri akapita barabara kuu na wafadhili watatu, akiwaonyesha nje kupitia dirisha la gari. "Sasa hivi mtaona kitu kinang'aa," alisema. Hakikung'aa kitu. Gari likarudi nyuma. Likaenda mbele. Likasimama.

"Shule yangu iko wapi?" alifoka.

"Iko ndani, Mheshimiwa," alisema Mwalimu Chiduo. "Nyuma ya mapazia."

"Nani kaficha vioo vya taifa?"

Sikudhani akajitokeza, mikono imejaa udongo hadi kwenye viwiko. "Ni mimi. Kifungu cha arobaini na nne."

Waziri alifungua kinywa. Lakini wafadhili, ambao shati lao moja tu kati ya matatu lilikuwa bado na sehemu kavu, walikuwa wameshaingia ndani, na hawakutoka. Dakika kumi zikapita, ishirini. Mmoja alikaa kwenye dawati la nyuma, akajifunza hadithi ya sungura pamoja na darasa la pili. Walipotoka walisema kwamba katika safari zao zote hawajaona shule ya nchi kavu iliyofikiriwa vizuri kama ile, na wakauliza ni wazo la nani.

Mheshimiwa Sifaeli Ndumba alifunga kinywa, akakifungua upya. "Mimi," alisema, "nilizaliwa ndani ya tembe."

Kwa hotuba hiyo alipewa nishani na shahada ya nne. Sikudhani alipewa barua. Ilisema kwamba kamati ya wajumbe thelathini na mmoja imemkuta na kosa la kuwa sahihi bila idhini, na kwamba kuanzia tarehe hiyo si msanifu wa Wizara, wala haruhusiwi kuchora hata geti.

Barua ilimfikia Ngozikavu mwezi wa saba, asubuhi. Aliisoma akiwa amekaa nyuma ya darasa la tano, maana alikuwa hana ofisi. Mlangoni Mama Nyemo alikuwa akimngoja na kamba na sururu. Vijiji viwili vya jirani vilikuwa vimeagiza mapazia. Mbele, Mwalimu Chiduo alikuwa akieleza mito mikubwa ya dunia.

Sechelela akanyoosha mkono.

"Mwalimu, naomba kufunga dirisha. Nasikia baridi."

Mwalimu Chiduo aliacha chaki ubaoni, katikati ya mto. Alikuwa amefundisha Ngozikavu kwa miaka ishirini na sita.

"Hebu rudia," alisema.

"Nasikia baridi, Mwalimu."

"Kwa sauti. Wote wasikie."

"Nasikia baridi!"

Sikudhani akaweka barua chini, akainuka, akaenda kulifunga dirisha mwenyewe.